Mafuta ya Somo Yangu na Jua la Siku Moja

Majina hayanipotei. Nikitulia naweza kuwataja watoto wote niliokaa nao sakafuni darasa la pili, nani alikuja na kalamu yake na nani aliazima kila siku. Nakumbuka hata majina ya mbuzi wa marehemu mume wangu. Lakini jina la huyu ninayemwandika sitaliweka hapa, na si kwamba limenitoka. Kwetu Kiegeani mwari hamtaji somo yake kwa jina. Mwanamke aliyekuingiza ndani, akakuosha, akakufunza, akakukabidhi kwa mumeo, huyo ni Somo mpaka mmoja wenu azikwe, na baada ya hapo pia.

Mimi alinitoa yeye siku ya arusi yangu. Mjukuu wangu Zuhura, niliyemlea tangu anyonyeshwe, alimtoa yeye vilevile, na hapo ndipo nilipomharibia Somo jina. Wasichana wa siku hizi wakisikia habari zake husikia kwamba palikuwa na bibi mmoja akiwaunguza wari nyuso. Si kweli. Mimi ndiye ninayejua kwa nini si kweli, nami nililinyamazia miaka tisa.

Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye viganja vikubwa kama vya mwanamume. Viganja hivyo viling'aa mwaka mzima, kiangazi na masika. Uso wake mwenyewe haukung'aa hata kidogo, ulikuwa kama ngozi ya ngoma iliyosahauliwa juani. Tulimtania. Bi Tatu Saidi, jirani yangu aliyekuwa hana breki ya mdomo, alimwambia siku moja, "Somo, wewe unatuuzia njia usiyoipita." Akajibu bila kuinua macho, "Mpishi hali mpaka wageni waishe. Na nyinyi hamwishi kuja."

Kazi yake ilikuwa ni uso. Masomo wengine walijulikana kwa nyimbo, wengine kwa mafunzo ya chumbani ambayo siwezi kuyaandika. Yeye alijulikana kwa kusafisha uso kwa mafuta. Mwari alifungiwa ndani siku saba. Kila alfajiri Somo alikuja, akamimina mafuta kiganjani, akayasugua mpaka yapate moto wa mkono, kisha akaanza kwenye paji, akashuka puani, mashavuni, chini ya kidevu, shingoni. Aliyaacha yalale juu ya ngozi mpaka adhuhuri. Adhuhuri akarudi na kitambaa cha marekani kilichokamuliwa katika maji ya moto, akafuta, kisha akakunjua kile kitambaa mbele ya macho yako.

"Tazama," angekuambia. "Huyo ndiye uliyekuwa unalala naye."

Sabuni hakuitaka karibu na uso wa mwari. Alisema sabuni humfukuza mwizi na mwenye nyumba pamoja. Mafuta ndiyo yanayojua kubisha hodi, yanauita uchafu kwa upole, nao hutoka kwa hiari. Na katika siku hizo saba jua lisimwone mwari. Hilo lilikuwa sharti la zamani, la kila somo, lakini wengine walilisema kama mila tu. Yeye alilisema kama mtu anayekuonya kuhusu moto. Hata mwanga wa dirishani aliupachikia kanga.

Nilimsaidia kukuna nazi zaidi ya miaka thelathini. Nilijua anakamua tui la kwanza peke yake, analipika moto mdogo mpaka litoe uto, yaani mafuta yenyewe, na mashapo yawe ya kahawia. Nilijua anachanganya na ufuta, kwa sababu ufuta nilikuwa nikiupepeta mimi. Lakini ikifika hatua ya mwisho, ya kutia vile vitu vyake vya siri, aliniambia, "Nenda kaangalie kuku." Kuku hakuwa nao. Hajapata kufuga kuku. Miaka thelathini nilitoka nikasimama uani kuangalia kuku wasiokuwepo, na sikuwahi kumwuliza.

Mafuta yoyote yaliyomfikia mkononi aliyauliza swali moja: mti wako upi? Nazi ina mnazi wake. Ufuta una shina lake. Nyonyo nayo ina mti, ingawa hakuipenda kwa uso, alisema ni nzito, ni kama mgeni asiyejua kuaga. Mafuta yasiyo na mti aliyaweka kando kwanza, akayafanyia mtihani.

Mitihani yake niliiona mara nyingi. Alichana karatasi ya daftari, akatonesha matone mstari mmoja, la kwake na la dukani na la jirani, akaikandamiza kwa mawe juu ya ukuta wa ua mpaka kesho yake. Uto mzuri ulifanya karatasi iwe kama kioo, unaona kidole chako upande wa pili. Mengine yaliacha duara lililolowa lisilokauka siku tatu. Kisha alipaka nyuma ya sikio, lake au langu, akangoja siku mbili. Kisha alichovya utambi akauwasha. Mafuta ya mti huwaka yametulia, alisema, na ya kudanganya hupiga kelele. Mwisho aliweka kisahani karibu na njia ya sisimizi. Wakiyakimbilia alijua kuna utamu uliotiwa ili kuvutia pua. "Sisimizi hawajui kusoma," alisema, "kwa hiyo hawadanganyiki na picha."

Yeye pia hakujua kusoma. Mimi nilikuwa na darasa la pili na kisomo cha watu wazima, nikawa ndiye msomi wake, lakini maandishi ya chupa yalinishinda. Hizo zilikuwa zile siku za hifadhi ya bahari, hoteli zimekwisha kujengwa kando ya ghuba, na mabinti wetu wanaofagia vyumba walirudi na vichupa walivyoachiwa na wageni. Kila binti alikuwa na chake, na kila mmoja alikuja kwa Somo kumwonyesha, nusu kwa heshima, nusu kwa kumkoga.

Ndipo tukampata Sista Neema. Alikuwa mwuguzi wa zahanati, mtu wa bara, Mkristo, hajui hata kupara samaki alipofika. Maji yetu ya chumvi yalimtoa chunusi uso mzima. Alikuja kwa Somo jioni moja, amejifunika mtandio, anaona haya, kwa sababu ni yeye aliyetakiwa kututibu sisi. Somo alimwosha siku saba bila kumwuliza dini wala kabila. Uso ulipotulia alimwambia, "Sasa lipa. Nisomee."

Wakakaa ukumbini, mimi nikiwa nakuna nazi. Chupa ya kwanza ilikuwa na picha ya lozi, kubwa, zimechorwa mpaka unazitamani. Sista Neema akasoma kwa kidole. La kwanza kabisa ni parafini.

"Huyo si ndugu yake mafuta ya taa?" Somo akauliza.

"Ni ndugu, bibi, ila huyu amesafishwa."

"Mwizi akioga anakuwa nani?"

Sista Neema akacheka mpaka akaiweka chupa chini. Kisha akamweleza kwamba katika orodha ile kinachotajwa mwanzo ndicho kingi, na kinachotajwa mwisho ni kidogo. Hilo lilimfurahisha sana Somo, akasema kumbe na wazungu wanajua kupanga wageni, mwenye tumbo kubwa mbele. Akauliza lozi amekaa wapi. Sista Neema akahesabu. Wa kumi na moja.

"Basi lozi hakualikwa," Somo akasema. "Alipita kusalimia."

Chupa ya pili aliileta Mwanaidi wa Bi Zena kutoka hotelini. Ilikuwa nyeusi, ndogo, haina picha. Sista Neema akasoma: zeituni, alizeti, ufuta, maganda ya ndimu.  Somo akaitaka mkononi, akainusa, akaipaka nyuma ya sikio, akakaa nayo muda. "Huyu aliyetengeneza hii," akasema, "alikuwa na somo." Ile aliiomba, Mwanaidi akamwachia, ikakaa kwenye rafu yake pamoja na chupa nyingine tupu, maana licha ya kuzicheka zote hakuitupa hata moja. Alizipanga kwa urefu na kuzifuta vumbi kila Ijumaa. Ukimwuliza za nini, alisema ni wafungwa wake.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Aliwakemea wasichana wanaojitazama sana kwenye kioo, naye maisha yake yote aliyatoa kwa nyuso. Alikuwa mchoyo wa tumbaku, hakukupa hata ya kunusa, lakini mjane aliyemaliza eda alimwendea mwenyewe nyumbani, bila kuitwa, akamsafisha uso na hakupokea kitu. Alisema machozi ya miezi minne na siku kumi yameacha chumvi, na chumvi haiachwi juu ya ngozi ya mtu. Alipokufa mume wangu Athumani, alikuja. Sikuwa nimezungumza na mtu vizuri tangu msiba. Aliweka viganja vile usoni pangu, vimepata moto, na hakusema pole wala neno lolote la kufariji. Alisema tu, "Hapa palikuwa pameanza kufa." Nikalia, akaendelea kusugua, machozi na mafuta yakaenda pamoja.

Huyo ndiye niliyemfanyia nitakayoyasema sasa.

Mwaka wa arusi ya Zuhura, kamati ya kijiji ilikubaliana na watu wa hifadhi mwamba wa pweza ufungwe miezi mitatu ili wakue. Tulifunga. Siku ya kufungua ilichaguliwa kwa bamvua, maji yakijaa sana na kukauka sana, na siku hiyo ikaangukia siku ya tano ya Zuhura ndani. Nilikuwa nimewaahidi wakwe wa kisiwa cha Jibondo karamu ya pweza wa nazi. Nilikwisha kuitangaza, kwa majivuno yangu mwenyewe. Goti langu lilikuwa limeanza kukataa, peke yangu ningetoka na pweza mmoja au wawili, ila mkono wa Zuhura ulijua kila tundu la mwamba ule tangu ana miaka saba.

Alfajiri Somo alikuja, akampaka, akasema kama kila siku, "Jua lisimwone." Nikaitikia. Akaenda zake kupika mafuta ya siku za mwisho.

Saa tatu nikamvika Zuhura buibui na kanga mpaka machoni, tukapita nyuma ya mashamba, tukashukia upande wa mwamba ambao watu hawaupendi kwa sababu ya fundo, wale wenye miiba wanaochoma miguu. Maji yalikuwa yamekauka kabisa. Zuhura alianza na kanga usoni, lakini kuinama na kusimama kukailowesha, akaifunga kiunoni. Nikamwona uso unavyong'aa kwa mafuta na jua limemkaa juu, na lingine linamrudia kutoka kwenye maji. Nilijiambia ni muda wa saa mbili tu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefungiwa siku tano, kila akimvuta pweza ananiita, "Bibi, huyu ni wa mkwe! Huyu ni wa shangazi, mkali!" Tulipata tisa.

Tuliporudi nilimnawisha maji ya kisimani, na kabla Somo hajaja adhuhuri nikachukua chupa aliyoiacha nikampaka upya, ili asigundue. Niliyapaka mengi.

Siku ya sita jioni Zuhura alisema uso unamwaka. Asubuhi ya saba palikuwa na malengelenge, na michirizi myekundu kutoka mashavuni mpaka shingoni, pale mafuta yalipotiririka na jasho. Na siku ya saba ni siku ya wanawake kuja kumwona mwari.

Walikuwa kumi na mmoja uani. Bi Riziki Makame, shangazi wa bwana arusi, aliyetoka Jibondo kwa kazi hiyo. Bi Tatu Saidi. Bi Mwanakombo Haji. Bi Salima Juma. Bi Pili Abdala. Bi Hadija Kombo. Bi Mwanahamisi Faki. Bi Asha Bakari. Bi Sikudhani Omari. Bi Zena Mussa. Bi Fatuma Mbwana. Zuhura tulimweka nyuma ya pazia la mlango. Bi Riziki aliingia, akamwona, akatoka, akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba yeye hawezi kupeleka habari hii Jibondo bila kujua mwari wao amefanywa nini.

Sista Neema alikuwa ameitwa. Aliangalia, akauliza mafuta yana nini ndani.

Kila mmoja wetu alijua hilo halijibiwi. Wengine walikuwa wameuliza tangu utoto wao. Somo alikuwa amesimama karibu na jiko, chupa mkononi. Akayataja. Alisema uto wa nazi, ufuta, majani ya mrehani, maganda ya ndimu mbichi. Alisema na vipimo. Alivitoa vyote pale, mbele ya watu, vitu vilevile alivyokuwa akinitoa nje nisivione miaka thelathini, ili asionekane ameficha kitu.

"Ndimu?" Bi Hadija akasema. "Umemtia mtoto ndimu usoni?"

Yakaanza maneno. Sista Neema akasema ngojeni, akamtuma Mwanaidi akalete ile chupa nyeusi kutoka kwenye rafu ya Somo, kwa sababu nayo ilikuwa na ndimu. Ilipokuja akaisoma tena, safari hii akashuka mpaka chini, kwenye maandishi madogo ambayo siku ile hakuyafikia. Akatufasiria: ukipaka mafuta haya usikae juani.

Nilimwona Somo usoni. Sijapata kuona uso ukifunguka vile. Hata wazungu wa chupa walikuwa wamesema neno lake. Akageuka, akanitazama mimi.

"Mama Athumani," akasema, kwa maana mwanangu wa kwanza anaitwa kwa jina la baba yake. "Mwari aliona jua?"

Bi Riziki naye akanitazama. Ningesema ndiyo, ningekuwa nimetangaza kwamba nilimtoa mwari ndani siku ya tano akavue pweza kama mtumwa wa nyumba, na ile arusi ingeishia palepale uani. Zuhura alikuwa anampenda yule kijana. Haya yote niliyaona kwa muda wa kumeza mate.

"Hakuona," nikasema.

Pazia halikutikisika.

Sista Neema akashusha chupa. Akasema polepole, na najua ilimuuma, kwamba kama hakuona jua, basi ni mafuta yenyewe.

Somo alisema, "Basi." Akaenda akaosha bakuli lake, kwa sababu hakuwahi kuondoka kwenye nyumba ya watu ameacha bakuli chafu, akakunja kitambaa chake, akapita katikati yetu akatoka.

Arusi ilicheleweshwa siku arobaini, ikawa. Pweza waliliwa na wenyeji. Michirizi ikageuka myeusi, kisha ikafifia, na kufikia mwezi wa tatu uso wa Zuhura ulikuwa kama haukuguswa. Ana watoto watatu sasa.

Somo hakuitwa tena. Bi Pili alimpeleka bintiye saluni mjini Kilindoni. Bi Hadija akafuata. Wengine wakaanza kununua krimu za kopo. Alipika mafuta miezi michache yasiyo na mtu wa kupakwa, kisha akahamia Baleni kwa Mwajuma, binti wa nduguye. Nilimpelekea nazi mara mbili kwa mtu anayepita. Zilirudi, zimefungwa vilevile nilivyozifunga. Baada ya hapo nilijiambia hataki kuniona, na hilo likanifaa.

Miaka tisa. Mwaka jana kabla ya Ramadhani nilisikia kwamba macho yamemwisha na hatoki kitandani. Nikapanda bodaboda nikaenda Baleni. Mwajuma aliniingiza chumbani, akamwambia nani amekuja.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba. Umekuja na pikipiki? Nilidhani ni goti lako linalia."

Nilicheka, kisha nikashindwa kucheka. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakabaki manne. Nikasema, "Somo, Zuhura aliona jua."

 Akauliza, "Mlipata pweza wangapi?"

Sikuwa nimetaja pweza.

"Tisa."

"Wengi," akasema. Akapapasa kipande cha kanga yake, akakikunja, akakikunjua. "Uongo uliusema uani, mbele ya watu. Ukweli unaniletea chumbani. Walikuwa wangapi siku ile?"

"Kumi na mmoja."

"Wewe una majina. Wataje."

Nikawataja. Kwa kila aliyekufa alisema Mungu amrehemu, hata kwa Bi Hadija. Wamekufa saba. Wamebaki Bi Tatu, Bi Salima, Bi Zena na Bi Riziki wa Jibondo.

"Basi wanne," akasema. "Nenda."

Nilianza na Bi Tatu kwa sababu ni jirani. Alinisikiliza akichagua mchele mpaka ungo wote ukaisha. Kisha akaniambia, "Na mimi binti yangu Sauda nilimpeleka kwenye krimu. Nilikuwa nimekwisha kumwambia Somo kwamba atamtoa yeye. Nikavunja." Sauda uso wake mpaka leo una mabaka, ngozi nyembamba kama ya kitunguu, hatoki mchana bila kujifunika. Hilo sikuwa nimelihesabu katika mambo yangu. Nilikuwa nimehesabu Somo tu.

Bi Salima amekuwa kiziwi. Ilibidi nipige kelele: nilisema uongo, mtoto aliona jua, mafuta hayakuwa na kosa. Akauliza mara tatu, mafuta gani, nami nikarudia, mpaka watu wa nyumba ya pili wakasimama kusikiliza. Bi Zena alisema, "Yamekwisha hayo, shoga," akanikaribisha chai. Nikamwambia hayajaisha, nikamsimulia mpaka mwisho, akaacha kumimina.

Jibondo nilivuka siku iliyofuata. Bi Riziki ni mzee kuliko mimi. Watoto wa Zuhura walikuwa wanacheza palepale mlangoni kwake. Nilipomaliza akasema, "Ungesema siku ile, arusi hii isingekuwapo."

"Najua."

"Na hawa wasingekuwapo."

"Najua."

Akawatazama watoto. Hakuniambia kama nilifanya vizuri au vibaya.

Zuhura alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Alitoka, mikono ina unga, akaniambia, "Bibi, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na mdomo ninao." Akavua aproni, akamwomba Bi Riziki amwangalizie watoto, tukarudi pamoja mpaka Baleni.

Somo alikuwa amelala chali. Zuhura alipiga magoti kando ya kitanda, akasema ni yeye, akavishika vile viganja akaviweka usoni pake. Vilikuwa vimekauka, mara yangu ya kwanza kuviona vikavu. Somo alianza kwenye paji, akashuka puani, mashavuni, chini ya kidevu, shingoni. Alitafuta kila mahali michirizi ilipokuwa. Alirudia mara mbili.

"Hakuna alama," akasema. "Ngozi haina kinyongo."

Zuhura akalia kimya, uso umebaki mle viganjani.

Mimi nikatoa taarifa yangu. Nikamwambia Bi Tatu alisema nini, na habari za Sauda. Nikamwambia nilivyompigia kelele Bi Salima. Bi Zena, Bi Riziki. Alisikiliza bila kunikatiza, ila kwa Sauda aliuliza ana umri gani, nikamwambia, akatikisa kichwa. 

"Nimesikia," akasema nilipofika mwisho.

Nikangoja. Nilikaa pale nikingoja neno lingine, lile nililolifuata, mpaka alasiri ikaadhiniwa. Akamwomba Mwajuma amgeuze aelekee kibla, nasi tukatoka.

Mfungo Mosi, Ramadhani ilipokwisha, tukamzika. Hakuniambia amenisamehe, nami sijajiambia kwa niaba yake.